Amefika Jana: Kosa la Nani?

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, katika shule ambayo hatutaitaja, aliandika hivi katika insha yake: "Mgeni wetu amefika jana, naye amelala chumba cha mbele." Mwalimu akachukua kalamu nyekundu, akalikata neno "amefika", akaandika juu yake "alifika". Pembeni akaongeza: "-me- haiendi pamoja na jana." Mtoto akapoteza alama. Alipouliza sababu, akieleza kwamba bibi yake, mzaliwa wa Ujiji, husema hivyo kila siku, alijibiwa kwamba bibi yake hakusoma sarufi.

Nasi twauliza: sarufi ipi?

Hatuandiki haya ili kumwaibisha mwalimu yule. Yeye ni mwenzetu, na wengi wetu tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani, katika Uganda, Rwanda, Burundi na kwingineko, tumewahi kuchora mstari kama ule. Twaandika kwa sababu mstari ule hauna asili katika Kiswahili. Ni kanuni ya Kiingereza iliyoingia darasani mwetu bila ya kualikwa, na sasa imekuwa hakimu juu ya mwenye nyumba. Tunadai iondolewe, na katika kurasa hizi tutaeleza kwa nini.

Kwanza tuitazame kanuni yenyewe, maana haifai kukishitaki kitu tusichokijua. Kiingereza kina wakati wa kitenzi ambao kwa desturi huitwa wakati uliopo timilifu. Hujengwa kwa kitenzi kisaidizi "have" au "has", kikafuatwa na umbo la tatu la kitenzi kikuu: "The guest has arrived." Kazi yake ni kulitazama tendo lililopita kutoka mahali aliposimama msemaji sasa. Kwa sababu hiyo Kiingereza hakikubali wakati huo uandamane na neno linalotaja muda uliokwisha fungwa, kama jana, juzi, wiki iliyopita, au mwaka 1978. Mwingereza husema "The guest arrived yesterday". Hasemi "has arrived yesterday". Lakini akitaja siku ya leo, na siku haijaisha, aweza kusema "has arrived today", kwa kuwa mlango wa muda ule bado u wazi. Kanuni hiyo ni njema katika lugha yake, na mwanafunzi anayejifunza Kiingereza hana budi kuifahamu barabara.

Kosa huanza pale mwalimu wa Kiswahili anapoandika ubaoni kwamba -me- ni sawasawa na "has". Akishaandika hivyo, mengine yote yafuata yenyewe. Ikiwa -me- ni "has", na "has" haikai pamoja na jana, basi -me- nayo haikai pamoja na jana. Hoja hii yaonekana imenyooka. Ubovu wake uko katika neno la kwanza kabisa: -me- si "has".

Huenda mtu akasema kwamba kanuni ya Kiingereza si ya Kiingereza peke yake, bali ni ya akili ya binadamu; kwamba haiwezekani jambo liwe la sasa na la jana kwa pamoja. Tumjibu kwa kumpeleka kwa majirani wa Kiingereza. Mfaransa husema "Il est arrivé hier", na Mjerumani husema "Er ist gestern gekommen". Lugha hizo mbili nazo hutumia kitenzi kisaidizi pamoja na umbo la kitenzi kikuu, kwa ujenzi ulio ndugu wa ule wa Kiingereza, na zote mbili zaipokea jana bila ya taabu. Wenzetu wa Burundi, na wale wa Rwanda waliosoma kabla ya uamuzi wa mwaka 2008 ulioweka Kiingereza mahali pa Kifaransa katika ufundishaji, walilelewa na mfano huo wa Kifaransa. Mwalimu aliyepimia Kiswahili kwa Kifaransa hangeona ubaya wowote katika "amefika jana". Mwalimu anayepimia kwa Kiingereza ataikata sentensi ile ile. Sasa, ikiwa sentensi moja ya Kiswahili ni sahihi leo na ni kosa kesho, kwa sababu tu lugha ya shule imebadilishwa, je, ni Kiswahili kilichokuwa kikipimwa?

Tena Kiingereza chenyewe si kimoja. Mwingereza humwuliza mwenzake "Have you eaten yet?" Mmarekani mara nyingi huuliza "Did you eat yet?", wala hakuna anayemkatia alama kwao. Basi wale wanaotaka -me- ifuate Kiingereza watuambie: ifuate kile cha London au kile cha Chicago?

Tuiache kanuni ya wageni, tuitazame -me- katika kazi yake. Mwalimu asimame mbele ya darasa na kuuliza, "Ninafanya nini?" Watoto watajibu, "Umesimama." Akae kitini, nao watasema, "Umekaa." Amwonyeshe mtoto aliyesinzia, nao watacheka na kusema, "Amelala." Amevaa kanzu, amechoka, amekasirika, ameshiba, amelewa, ameinama, amenyamaza: maneno haya yote hueleza hali aliyo nayo mtu mbele ya macho yetu. Kiingereza hakitumii "has" katika kueleza hali hizo. Husema kwamba mtu yule "is standing", "is sitting", "is asleep", "is wearing", "is tired". Maneno yatumikayo kila siku, ambayo mtoto huyasikia kabla hajajua kusoma, hayaingii katika kanuni ile ya ubaoni.

Na mgeni aliyefundishwa kanuni hiyo hupata aibu upande wa pili. Akiisha kuambiwa kwamba tendo linaloendelea sasa hutumia -na-, humtazama mzee aliyevaa kanzu nyeupe na kusema, "Mzee anavaa kanzu." Waswahili wakisikia hivyo hugeuza nyuso zao, maana mzee anayevaa kanzu ni mzee ambaye bado yuko katika kujisitiri. Kwetu anavaa na amevaa hazifanani hata kidogo. Anasimama ni yule anayeinuka kitini. Amesimama ni yule aliye wima. Anakufa bado ana roho, amekufa hana. Kati ya hizo mbili ndipo iliko maana ya -me-: tendo limetimia, na hali iliyotokana nalo ndiyo tunayoizungumzia.

Kwa hiyo hata jina la "wakati uliopo timilifu" halifai. Neno "timilifu" tunalikubali, "uliopo" tunalikataa. Angalia sentensi hizi: "Nilimkuta amelala." "Ukifika kesho utamkuta ameondoka." "Alikuwa amevaa koti." "Mwezi ujao watakuwa wamemaliza mtihani." Katika ya kwanza na ya tatu tuko wakati uliopita, katika ya pili na ya nne tuko wakati ujao. -me- imo katika zote, wala haikubadilika hata herufi. Kitu kinachoweza kukaa jana, leo na kesho bila ya kugeuka hakiwezi kuwa jina la leo. -me- haitaji wakati. Yataja hali ya tendo, kwamba limetimia na lina matokeo. Wakati wenyewe hutajwa na kitenzi kingine kilicho karibu, au na neno kama jana, au hufahamika kwa mazungumzo.

Tukifahamu hivyo, sentensi ya yule mwanafunzi haina fumbo tena. "Mgeni wetu alifika jana" hueleza tukio: siku ya jana kulitokea kufika. Huenda mgeni bado yupo, huenda alikwisha kwenda zake, sentensi haisemi. "Mgeni wetu amefika jana" humweka mgeni mbele yetu: tunaye, yumo nyumbani, na kama wataka kujua ni tangu lini, ni tangu jana. Mtoto yule aliendelea kuandika "naye amelala chumba cha mbele". Alijua alilokuwa akisema. Mgeni alikuwapo, na mtoto alichagua kiambishi kinachomwonyesha kuwa yupo. Mwalimu alipokiondoa, hakusahihisha kosa. Alimwondoa mgeni nyumbani.

Hatusemi kwamba -li- na -me- ni mamoja, wala kwamba kila mahali penye jana pafaa -me-. Anayesimulia kisa cha zamani, kilichokatika na kwisha, atatumia -li-, kisha aunganishe kwa -ka-: alifika, akaketi, akala, akaenda zake. Kuiingiza -me- katika mfululizo huo ni kuuvunja. Tunalosema ni kwamba chaguo baina ya -li- na -me- hutokana na jambo ambalo msemaji ataka lionekane. Neno "jana" halina amri ya kumchagulia.

Kuna upande wa kukanusha, nao ndio ulio na hatari kubwa zaidi. Kanusho la "amefika" ni "hajafika", na kanusho la "alifika" ni "hakufika". Mwalimu wa "has" atafundisha kwamba "hajafika" ni "has not arrived", kisha ataendelea na somo jingine. Lakini -ja- ya Kiswahili hubeba tarajio ambalo Kiingereza hakilibebi mpaka kiongezewe neno "yet". Hajafika: tunamngoja. Hajaoa: ataoa, siku zake zaja. Ukimwona mtoto akienda shule miguu mitupu kwa sababu nyumbani hakuna viatu, husemi "hajavaa viatu", kana kwamba viatu viko mlangoni vyamngoja. Utasema "hakuvaa viatu", au "hana viatu".

Sasa mchukueni mtafsiri aliyelelewa na kanuni ya ubaoni, mkamweke mahakamani. Mtu ameulizwa kwa Kiingereza kama aliiba, naye akajibu "I have not stolen". Mtafsiri, kwa kufuata alichofundishwa, atamwambia hakimu au wazee wa baraza: "Asema hajaiba." Kila mwenye sikio la Kiswahili atasikia ndani yake neno "bado". Mtu aliyekana wizi amegeuzwa kuwa mtu ambaye siku yake ya kuiba haijafika! Alipaswa kutafsiriwa kwa "sikuiba", ikiwa ni kisa kimoja, au kwa "sijapata kuiba", ikiwa ni maisha yake yote. Kosa la namna hii halisahihishwi kwa kalamu nyekundu. Huenda na heshima ya mtu.

Baadhi ya wenzetu hujitetea kwamba usawa wa -me- na "has", hata kama una kasoro katika Kiswahili, husaidia kufundisha Kiingereza. Laiti ingekuwa kweli! Walimu wa Kiingereza wawaulize wanafunzi wao. Mtoto aliyeambiwa kwamba -me- ni "has" huandika "He has worn a white shirt" akimaanisha kwamba mtu amevaa shati jeupe. Huandika "My grandfather has died in 1978", kwa sababu kwa Kiswahili husikia "babu amekufa mwaka 1978". Na pale ambapo Kiingereza chahitaji "has" kwa kweli, mtoto huyo hakioni. Kwa Kiswahili twasema "namjua tangu utoto" na "nangoja tangu asubuhi". Hapo hakuna -me-. Kwa hiyo mtoto huandika "I know him since childhood" na "I am waiting since morning", na yote mawili ni makosa kwa Kiingereza, ambacho hapo kingetaka "have known" na "have been waiting". Basi usawa ule umemdanganya mara mbili: umempa "has" mahali isipotakiwa, na kumnyima mahali inapotakiwa. Kamba iliyofungwa kati ya lugha mbili ili kuzisaidia imeziangusha zote mbili.

Je, upotovu huu ulitoka wapi? Si vigumu kuufuata. Sarufi nyingi za kwanza za Kiswahili zilizochapishwa ziliandikwa na Wazungu kwa ajili ya Wazungu. Askofu Edward Steere alipochapa kitabu chake cha lugha ya Unguja mwaka 1870, hakumwandikia mtoto wa Ujiji wala wa Bujumbura. Alimwandikia Mwingereza aliyeshuka melini na aliyehitaji kujifunza haraka. Mtu huyo kumwambia kwamba kiambishi fulani chakaribiana na umbo fulani la lugha yake si dhambi, ni msaada. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944 ambayo wengi wetu tuliitumia vyuoni, naye hakuficha kwamba -me- hueleza hali inayobaki baada ya tendo kutimia. Hatuwalaumu watangulizi hao kwa kuandika kwa ajili ya watu wao. Lawama ni yetu, tuliochukua ngazi iliyojengwa kwa ajili ya mgeni apande nyumbani mwetu, tukamlazimisha mtoto wa nyumbani naye aingie kwa dirishani.

Na Waingereza wenyewe waliwahi kuugua ugonjwa huu huu. Kwa muda mrefu wasomi wao waliipimia lugha yao kwa Kilatini. Kilatini kilikuwa na umbo moja, "scripsi", lililobeba "niliandika" na "nimeandika" kwa pamoja. Kiingereza kilikuwa na maumbo mawili. Kilatini kilibadili miishio ya majina kwa kazi zake katika sentensi. Kiingereza kilikuwa kimekwisha kuiacha karibu yote. Hata hivyo walimu walijaribu kukivika Kiingereza vazi la Kilatini. John Wallis, katika sarufi ya Kiingereza aliyoichapa mwaka 1653, tena aliyoiandika kwa Kilatini, aliwalaumu waliomtangulia kwa kuifunga lugha yao katika kanuni za lugha nyingine. Ikiwa Mwingereza aliona karne tatu na nusu zilizopita kwamba nguo ya kuazima haisitiri, sisi twangoja nini?

Ajabu kubwa ni kwamba wanafunzi wetu hawahitaji kuvushwa kwa daraja la mbali. Daraja liko mlangoni mwao. Mtoto wa Kiganda akimwona mtu aliyeketi husema "atudde", aliyesimama, "ayimiridde", aliyevaa, "ayambadde", aliyechoka, "akooye". Mtoto wa Kinyarwanda au wa Kirundi husema "yicaye", "ahagaze", "yambaye". Maneno hayo hueleza hali iliyotokana na tendo lililotimia, kama vile ameketi, amesimama, amevaa, amechoka. Tofauti ni kwamba lugha hizo huweka alama mwishoni mwa kitenzi, na Kiswahili cha leo huiweka katikati. Hata Kiswahili kilikuwa na kiishio cha jamaa hiyo. Wasomaji wa mashairi ya kale ya pwani ya kaskazini hukutana na -ile mwishoni mwa vitenzi. Basi mtoto wa Kampala au wa Kigali anapokuja darasani, tayari amebeba maana ya -me- kichwani mwake. Alichokosa ni kiambishi tu. Nasi, badala ya kumwambia "ni kama unavyosema kwenu", twamwambia asahau kwao, apande kwenda Uingereza, kisha arudi na jibu. Akirudi, jibu limeharibika njiani.

Tuwe waangalifu hapa. Hatusemi kwamba Kiganda, Kinyarwanda na Kirundi zafanana na Kiswahili katika kila jambo la kitenzi. Lugha hizo hutenga wakati uliopita wa karibu na wa mbali kwa namna ambayo Kiswahili hakifanyi, na mwalimu atakayeziweka mahali pa Kiingereza kama kipimo kipya atakuwa amebadilisha nira tu. Twasema kwamba katika jambo hili la hali iliyotimia, lugha ya nyumbani ni msaidizi wa karibu na wa kweli, na ni ujinga kumpita jirani ili kwenda kukopa ng'ambo.

Kuna pingamizi moja linalostahili heshima. Wapo wasemao kwamba Kiswahili sanifu, hasa katika maandishi, hupendelea -li- pamoja na siku iliyotajwa, na kwamba shule ni mahali pa Kiswahili sanifu. Twakubali kwamba shule yapaswa kufundisha Kiswahili sanifu. Twakubali pia kwamba katika habari na taarifa -li- ndiyo ya kawaida pale tukio linapotajwa na siku yake. Lakini kupendelea si kukataza. Tena tukumbuke usanifu huo ulianzia wapi. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ilichukua Kiunguja kiwe msingi, yaani mazungumzo ya watu hai. Msingi wa lugha sanifu ni kinywa cha mwenye lugha. Kanuni isiyotoka kinywani humo, bali katika kitabu cha lugha nyingine, haiwezi kujiita usanifu. Na mwalimu anayemwambia mtoto kwamba bibi yake wa Ujiji hajui Kiswahili, kwa sababu bibi hakufuata Kiingereza, ameupindua usanifu miguu juu kichwa chini.

Sasa tufanye nini? Tunapendekeza mambo manne, wala hakuna hata moja linalohitaji fedha.

Kwanza, -me- ifundishwe kwa macho kabla ya kufundishwa kwa jedwali. Mwalimu asimame, akae, avae kofia, afunge mlango, kisha aulize. Mlango umefungwa. Dirisha limefunguka. Kikombe kimevunjika. Mtoto aone hali, aitaje, na baadaye ndipo aambiwe jina la kisarufi. Na jina hilo liwe "hali timilifu", bila ya "uliopo".

Pili, maumbo jirani yafundishwe pamoja, kwa kitenzi kimoja: anavaa, amevaa, alivaa, amekwisha vaa, hajavaa, hakuvaa. Mwanafunzi aambiwe achore picha ya kila moja. Asiyeweza kutofautisha picha ya anavaa na ya amevaa bado hajaelewa, hata kama amekariri jedwali zima. Aliyeweza ameelewa, hata kama hajui neno moja la Kiingereza.

Tatu, wakati timilifu wa Kiingereza ufundishwe katika somo la Kiingereza, kwa kanuni yake yenyewe. Mwanafunzi ajiulize swali moja: je, muda nilioutaja umefungwa, au bado u wazi? Ukiwa umefungwa, "has" haifai. Ukiwa wazi, au ukiwa haukutajwa, na jambo lagusa hali ya sasa, "has" yaweza kufaa. Kisha aonywe waziwazi kwamba swali hilo ni la Kiingereza, wala asilichukue kwenda nalo katika somo la Kiswahili. Mwalimu wa Kiingereza atatushukuru.

Nne, nalo ndilo la haraka kuliko yote, wasahihishaji wa mitihani waache kukata alama kwa "amefika jana". Kama mtahini ana shaka, asome sentensi inayofuata. Ikiwa mgeni bado yupo katika insha, -me- ina haki yake. Ikiwa mwanafunzi anasimulia kisa kilichokatika, naye amechanganya -me- na -ka- ovyo, basi na asahihishwe. Lakini asahihishwe kwa sababu ya Kiswahili.

Tunayasema haya wakati ambapo kazi yetu yakua kwa haraka. Rwanda ilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda mwaka 2022 liliikubali lugha hii kuwa rasmi, likapendekeza ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani kwa uamuzi wa mwaka 2021, na mwaka uliofuata Umoja wa Afrika ukaipa nafasi ya lugha ya kazi. Watoto wengi wataingia katika Kiswahili kwa mlango wa darasa, si kwa mlango wa nyumba. Watakachosikia kwetu ndicho watakachokiita Kiswahili. Tukiwapa Kiswahili kilichopimwa kwa kanuni za lugha nyingine, watakapofika Ujiji, Tanga au Unguja watawasikia wenyeji na kudhani kwamba wenyeji wamekosea. Na wenyeji, kwa adabu yao, watanyamaza.

Yule mtoto wa kidato cha pili, twaambiwa, aliandika insha nyingine baada ya ile. Katika insha hiyo kila kitenzi kilikuwa na -li-. Hapakuwa na kosa hata moja la kukatwa, wala hapakuwa na mtu hata mmoja aliyesimama, aliyelala au aliyechoka. Wote walifanya, walikwenda, walimaliza. Alipata alama nzuri. Ndugu walimu, hasara hiyo ndiyo tunayoilalamikia. Mtoto alikuwa na lugha, akajifunza kwetu kuiogopa. Kabla ya kuchora mstari mwingine mwekundu, kila mmoja wetu na ajiulize: ninasahihisha Kiswahili cha mtoto huyu, au ninamwadhibu kwa kuwa si Mwingereza?